Rangi ya nyumba ikirukia gari au pikipiki: namna ya kuitoa bila kuharibu bodi

Wiki za kuelekea Krismasi au Idi, na miezi ya kiangazi baada ya mavuno, ndizo nyumba nyingi hupakwa rangi. Ndizo wiki ambazo magari na pikipiki huegeshwa uani karibu na ukuta, rola inazunguka, upepo unavuma, na jioni mwenye chombo anakuta boneti au tangi limejaa vidoa vyeupe. Mara nyingi chombo chenyewe si chake. Ni bodaboda ya mkataba, au gari la shemeji lililoazimwa kupeleka mgonjwa. Hapo ndipo mtu hukimbilia petroli, wembe au msasa, na kidoa ambacho kingetoka kwa maji na sabuni kinageuka kuwa kovu la kudumu.

Kuna jambo moja la kuelewa kabla ya kugusa chochote. Rangi ya kiwandani ya gari, tangu kwenye bati hadi juu kabisa, ina unene kama wa karatasi ya daftari, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ndani ya unene huo mdogo kuna rangi ya msingi inayoshika bati, kuna rangi yenyewe, na juu yake, kwenye magari mengi ya siku hizi, kuna tabaka angavu lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Klia ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayozuia jua na maji. Ukiikwangua, rangi ya chini hufubaa. Ukifika kwenye bati, kutu inaanza, na kutu haikai pale ilipoanzia. Kwa hiyo kazi yako ni kutoa kilicho juu ya klia, klia yenyewe ibaki.

Njia ya kufanya hivyo ni kuanza na kitu dhaifu kuliko vyote na kupanda pole pole. Usipande ngazi ya pili kabla ya kuijaribu ya kwanza mara mbili au tatu.

Kwanza jua ni rangi gani

Muulize fundi anaosha brashi zake kwa nini. Kama ni kwa maji, hiyo ni rangi ya maji, ile ya kuta. Kama ni kwa thina au mafuta ya taa, hiyo ni rangi ya mafuta, ambayo kwa kawaida hupakwa milango, madirisha na mageti. Kama fundi ameshaondoka, soma kopo. Na kama hata kopo halipo, tafuta matone yaliyodondokea mahali pengine, kwenye jiwe au kipande cha bati, uyajaribu hayo kwa kitambaa chenye spiriti ya duka la dawa. Rangi ya maji italainika na kuacha alama kwenye kitambaa. Rangi ya mafuta iliyokauka haitajali.

Halafu kuna chokaa, ambayo haimo katika kundi lolote kati ya haya mawili. Tutaifikia.

Kabla ya kuanza piga picha kwa simu, za karibu na za mbali. Mkifika mahali pa kuzungumza na fundi au mwenye chombo kuhusu nani agharamie, picha zitaonyesha hali ilivyokuwa kabla hujagusa.

Rangi ya maji

Rangi hii ina chembe za plastiki zilizotawanyika ndani ya maji. Maji yakikauka, chembe hushikana na kuwa ngozi nyembamba. Ngozi hiyo haiyeyuki tena kwa maji, lakini huvimba na kulegea ikilowana muda wa kutosha, na muda ndio watu wengi hawaupi.

Kama rangi bado mbichi, usiifute kwa kitambaa kikavu. Juu ya gari kuna vumbi na mchanga mwembamba, na ukifuta kavu unausugua mchanga huo kwenye klia. Mwaga maji mengi kwanza, kisha tumia maji yenye sabuni na kitambaa laini cha pamba. Fulana kuukuu inafaa sana. Ndani ya saa ya kwanza au ya pili, kwa kawaida kazi huishia hapo.

Kama imekauka, sogeza chombo kivulini na uache bati lipoe. Kwenye bati la moto sabuni hukauka kabla haijafanya kazi na kuacha madoa yake yenyewe. Osha eneo lote vumbi liishe. Kisha loweka kitambaa katika maji ya vuguvugu yenye sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ukilaze juu ya matone, na ukiache dakika 10 hadi 15. Kikianza kukauka, kiongeze maji. Kama sabuni ya maji haipo, kwangua sabuni ya mche ndani ya maji ya moto iyeyuke, halafu ayapoe hadi kuwa vuguvugu. Sabuni ya unga ina ukali zaidi, na punje zake zisipoyeyuka zinakwaruza.

Sasa jaribu tone kwa ukucha wa kidole. Likigoma, tumia kipande cha plastiki: kadi ya benki iliyokwisha muda, au kile kikadi kinachobaki ukishatoa laini mpya ya simu. Kilaze karibu bapa, usukume kutoka pembeni ya tone, na pawe na maji ya sabuni muda wote. Usitumie wembe, kisu, wala stilwaya ya kusugulia sufuria. Hata upande wa kijani wa sponji ya vyombo ni mkali mno kwa klia.

Matone yatakayobaki, yaguse kwa spiriti. Weka kidogo kwenye kitambaa, ukibonyeze juu ya tone kwa nusu dakika, futa, kisha suuza kwa maji. Rudia. Kitakasa mikono cha jeli, kile tulichokizoea wakati wa korona, kinafanya kazi hiyo hiyo kwa sababu ndani yake kuna kilevi, na kwa kuwa ni kizito hakitiririki ovyo kwenye mlango uliosimama. Tone la wiki tatu litataka raundi nyingi, na afadhali raundi nane za upole kuliko moja ya nguvu.

Chokaa si rangi

Vijijini nyumba nyingi hupakwa chokaa, na hapa ushauri wa rangi ya maji hautoshi. Chokaa iliyochanganywa na maji ni kali. Inaunguza ngozi, ni hatari sana kwa macho, na ikikaa juu ya klia inaweza kuila na kuacha alama ya kufubaa ambayo haitoki kwa kuosha. Zaidi ya hapo, haikauki tu kama rangi. Inavuta hewa ya kaboni dioksidi na kugeuka tena kuwa jiwe, jiwe lile lile lililochomwa tanuruni kuipata. Kwa watu wa Pwani jiwe hilo ni matumbawe. Ndiyo maana ukisugua tone la chokaa kavu kwenye gari ni sawa na kulisugua gari kwa changarawe.

Ikiwa mbichi, mwaga maji mengi mara moja. Usingoje fundi amalize ukuta. Ikiwa imekauka, lowanisha, suuza, kisha changanya siki na maji kwa kiasi sawa na ulaze kitambaa chenye mchanganyiko huo juu ya matone. Utaona vipovu vidogo. Ni dalili kwamba siki inalila lile jiwe. Ndimu iliyokamuliwa na kuongezwa maji hufanya vivyo hivyo. Baada ya dakika chache inua kitambaa, usisugue, suuza kwa maji mengi, na urudie kama inahitajika. Siki isikauke juu ya bodi, na usiiache kwenye sehemu ambayo bati liko wazi, maana itaharakisha kutu.

Chokaa ikimwingia mtu jichoni, acha gari. Osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kope zikiwa wazi, kisha nendeni kituo cha afya hata kama maumivu yamepungua.

Rangi ya mafuta

Hii haikauki kwa kupoteza maji. Inavuta hewa ya oksijeni na kugeuka ngozi ngumu, kwa hiyo kuiloweka kwenye sabuni hakusaidii sana. Siku ile ile ilipodondoka, mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa cha pamba huilegeza. Bonyeza, ngoja dakika moja, futa kwa kuinua badala ya kuzungusha, geuza upande safi wa kitambaa. Mafuta ya taa huacha utando, hivyo maliza kwa kuosha vizuri kwa sabuni. Yasifike kwenye mipira ya milango, wala kwenye breki za pikipiki.

Thina ndiyo inayoharibu magari mengi. Dukani jina ni moja lakini vitu ni tofauti. Thina ya rangi za nyumba ni ya wastani, ilhali ile ya mafundi wa gereji inaweza kuyeyusha rangi ya gari yenyewe. Inapouzwa kwa kupimwa ndani ya chupa ya maji ya kunywa, huwezi kujua umepewa ipi.

Magari yetu mengi yamewahi kupigwa rangi upya, na zipo rangi za gereji zinazoyeyuka kwa thina hata baada ya miaka. Kabla ya kutumia thina, fungua kifuniko cha tangi la mafuta au mlango, gusa sehemu iliyojificha kwa kitambaa cheupe chenye thina kidogo kwa sekunde chache. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, au pale palipoguswa pakanata, usitumie thina kabisa. Jaribio hilo hilo lifanye hata kwa spiriti na mafuta ya taa kama gari lilipigwa rangi karibuni. Na fanya jaribio la thina mbali na moto, ukisoma kwanza yanayofuata.

Petroli iache tangini. Mvuke wake huwaka hata siku ya baridi, ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini, na jiko la mkaa lililo upande wa pili wa ua linatosha kuurudisha kama moto. Thina nayo huwaka kirahisi. Kwa pikipiki hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu unafanya kazi juu ya tangi lenyewe na injini huenda bado ina joto. Iache ipoe, hakikisha mfuniko wa tangi umefungwa, na asiwepo mvuta sigara karibu.

Chupa ya soda yenye mafuta ya taa au thina isiachwe chini hata kidogo. Watoto hunywa. Ikitokea, usimtapishe mtoto wala usimpe maziwa kwa kulazimisha, kwa sababu akitapika, mafuta huweza kuingia kwenye mapafu. Mkimbize kituo cha afya na uibebe ile chupa. Vitambaa vilivyolowa rangi ya mafuta visirundikwe ndani. Vikiwa vimefinyangwa pamoja vinaweza kupata joto na kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke.

Sehemu zisizo bati

Kioo ni rahisi. Hapa tu wembe unaruhusiwa, ukiwa mpya, umelazwa bapa, na kioo kikiwa kimelowa maji ya sabuni. Taa za mbele si kioo. Nyingi ni plastiki, na thina au petroli huzipasua nyufa ndogo au kuzifanya ziwe na ukungu. Tumia maji ya sabuni na uvumilivu tu. Bampa nyeusi na matopeni ya plastiki yenye vinyweleo hushika rangi ndani ya mashimo madogo, na hapo mswaki laini wenye sabuni, kisha spiriti, hufanya kazi kuliko kitambaa. Stika za tangi zitapoteza maandishi ukizigusa kwa spiriti au mafuta ya taa.

Kinachobaki

Baada ya yote hayo huenda ukaona kivuli chepesi mahali tone lilipokuwa. Hicho ni cha polishi, na polishi ya gari ya punje laini inatosha kukiondoa kwa mkono. Dawa ya meno ambayo watu huisifu ina punje za kusugulia pia, ila hukuzipima, na huacha ukungu wa mikwaruzo unaoonekana juani.

Ukungu wa rangi uliopulizwa kwa mashine, ule unaohisi kama msasa ukipitisha kiganja, ni wa kupeleka kwa fundi. Maduka ya vifaa vya magari mijini huuza udongo maalumu wa kuuvuta ukungu huo, unaoteleza juu ya maji ya sabuni. Ukifika gereji, muulize fundi anaanza na nini. Akisema polishi au udongo huo, mwachie kazi. Akichukua msasa kwanza, mwonyeshe zile picha kwenye simu na umwombe ajaribu polishi mahali padogo kabla hajaendelea.