Stering Aliyepagawa na Kesi ya Ploti

Kanuni ya kwanza ya banda la video, iwe Kenya au Tanzania, ni kwamba stering hafi. Atapigwa risasi, atatupwa mtoni, atafungwa kamba relini, na filamu ikiisha utamkuta amesimama. Kanuni hiyo haisemi lolote kuhusu stering anayeingiwa mwilini na mtu mwingine, akabadilika sauti, mwendo na mavazi, na kazi yote ya kishujaa ikafanywa na huyo mgeni. Filamu ya Kitamil iitwayo Kanchana, iliyotolewa Julai 2011, inamwachia mtazamaji swali kama huyo bado ni stering. Raghava Lawrence aliiandika, akaiongoza na kuiigiza yeye mwenyewe, akachanganya vitisho, vichekesho na nyimbo za kucheza kama ilivyo ada ya sinema za Kusini mwa India. Mwaka 2020 akaiongoza upya kwa Kihindi kwa jina Laxmii, akimpa Akshay Kumar nafasi ya aliyepagawa. Wapo wanaosema kwamba pepo akishamwingia, stering amekwisha, amebaki gari tu linaloendeshwa na mwingine. Mimi nashikilia kinyume chake. Raghava wa Kanchana anakuwa stering pale tu anapopagawa, na sababu yake ingepaswa kueleweka Kitengela na Kajiado haraka kuliko mahali pengine, kwa kuwa pepo anayemwingia amekuja na kesi ya ardhi.

Mtazame kwanza kabla ya kupagawa. Ni mwanamume mzima, mwenye nguvu za kupigana mchana, lakini jua likizama hathubutu kwenda msalani bila mama yake kumsindikiza. Mama huyo, anayeigizwa na Kovai Sarala, ndiye nusu ya kicheko cha filamu nzima. Raghava na wenzake wanaenda kucheza kriketi kwenye uwanja mtupu unaosemekana kuwa na mashetani, na vile vijiti vya mchezo vinarudi nyumbani na damu. Kuanzia hapo nyumba haina amani. Pepo anapomwingia Raghava, anaanza kuvaa sari na bangili na kutembea kwa madaha, na familia inababaika kati ya aibu na hofu hadi inapompeleka kwa mpunga pepo wa Kiislamu. Pepo anatajwa jina: Kanchana, aliyezaliwa mvulana akaishi kama mwanamke, akafukuzwa na wazazi wake, akalelewa na mzee mmoja Mwislamu mwenye mtoto mlemavu wa akili. Kanchana alimsomesha binti mwenye hali kama yake hadi akawa daktari, kisha akanunua kiwanja ili wajenge hospitali ya maskini. Mbunge wa jimbo akakitamani kiwanja hicho, akakinyakua, akawaua wote na kuwazika palepale. Uwanja ule wa kriketi ni kaburi na pia ni ploti yenye mgogoro. Mashetani yanayosemwa kuwa pale ni watu walionyang'anywa.

Sasa weka hadithi hiyo kando ya barabara ya Namanga. Kitengela ilikuwa malisho, nyika ya Kaputiei inayopakana na Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi upande wa kusini, ambako nyumbu na punda milia walihamia msimu wa mvua. Sheria ya mwaka 1968 ilileta ranchi za kikundi Kajiado, ardhi ikaandikishwa kwa majina ya wawakilishi. Kabla ya miongo miwili kwisha, wanachama wengi walitaka kila mtu apewe kipande chake, kwa sehemu kubwa kwa kuogopa kwamba wenye kauli wangewatangulia. Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988. Sheria ya EPZ, yaani maeneo ya viwanda vya kuuza nje, ikapitishwa 1990, viwanda vikafunguliwa Athi River, wafanyakazi wakahitaji pa kulala, na malisho yakakatwa kuwa ploti za nusu na robo ekari. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 154,000 katika mji huo. Mahali pengine katika Kajiado mambo yalikuwa machungu zaidi: huko Iloodoariak, miaka ya 1980, ardhi iliandikishwa kwa watu wasio wenyeji, wakiwemo wakubwa serikalini, huku familia zilizokuwa zikiishi pale zikiachwa bila hatimiliki. Mkaazi wa kaunti hii haelezwi mara mbili maana ya kununua kiwanja kwa jasho kisha kukuta mwenye cheo ameweka ua. Mabango yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ploti hii haiuzwi yamejaa huku.

Tena historia ya Kajiado ina kisa kinachoikaribia Kanchana kwa namna ya kushtua. Kwa mkataba wa 1904, ambao Olonana, laibon aliyejulikana kwa Waingereza kama Lenana, alitia alama yake, Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa ili walowezi wakae, wakagawanywa kati ya Laikipia na eneo la kusini, yaani Kajiado na Narok za leo. Waliahidiwa kwamba mkataba ungedumu maadamu wapo Wamaasai. Ilipofika 1911 walowezi walitaka Laikipia pia. Olonana alifariki Machi mwaka huohuo, na maafisa wakadai kwamba akiwa mahututi aliwausia watu wake waitii serikali na kuhamia kusini. Wosia wa marehemu ukawa chombo cha kuwaondoa walio hai. Parsaloi ole Gilisho na wenzake hawakukubali, wakaajiri mawakili na kwenda mahakamani. Mwaka 1913 kesi yao ilitupwa kwa hoja kwamba mkataba ule ulikuwa wa mataifa mawili, kwa hiyo mahakama ya kikoloni haikuwa na uwezo wa kuusikiliza. Hakuna jaji aliyepima kama walidhulumiwa. Waliambiwa tu kwamba mlango huo si wao. Agosti 2004, miaka mia moja baada ya mkataba, wazao wao waliandamana wakidai ardhi ya Laikipia, na wakakutana na polisi.

Dai lisilo na mahakama linakwenda wapi? Utamaduni wa uganga katika pwani yetu una jibu lake. Mgonjwa aliyepandisha hatandikwi kwanza ili pepo atoke. Ngoma hupigwa, nyimbo huimbwa, na pepo akishapanda kichwani fundi humhoji: wewe nani, umetoka wapi, nani amekukosea, unataka nini. Pepo hutaja madai yake mbele ya watu, na maafikiano hufanyika. Ukiondoa ubani na ngoma, hicho ni kikao cha kusikiliza shauri. Bara nako, Wamaasai wa Tanzania walipata kuanzia miaka ya 1950 ugonjwa wa kupagawa uitwao orpeko, uliowashika wanawake kwa wingi na ambao tiba yake ilipatikana kanisani, katika ubatizo na nyimbo za kundi. Mtafiti Dorothy Hodgson, aliyeandika juu yake kwa kina, aliuhusisha na wakati ambao wanawake hao walikuwa wakipoteza sauti juu ya mifugo na mambo ya boma, huku mamlaka yote yakikusanywa mikononi mwa wanaume. Mwanamke ambaye angenyamazishwa akisema kwa jina lake alisikilizwa aliposema kwa jina la pepo. Kwa hiyo nyimbo ndani ya filamu ya pepo si mapambo. Katika sehemu hizi za dunia pepo mara nyingi huhojiwa kwa ngoma.

Jukwaa la Kiswahili lililijua jambo hili mapema. Ebrahim Hussein aliandika Kinjeketile mwaka 1969, juu ya mtu wa Ngarambe ambaye pepo Hongo alimwingia, akagawa maji ya kinga, na Vita vya Maji Maji vikaanza mwaka 1905. Kinjeketile naye anabeba dai lisilo na mahakama, la watu waliolazimishwa kulima pamba ya Wajerumani kwa viboko. Lakini Hussein anatupa pingamizi zito kabisa dhidi ya hoja yangu. Akiwa amepagawa, Kinjeketile anatamka kwamba Wajerumani wakiondoka watu wote watakuwa wana wa Seyyid Said. Anapozindukana na kuelezwa alichosema, anaingiwa na hofu, kwani ameona kwamba sauti iliyotumia kinywa chake ilikuwa ikiwatoa kwa bwana mmoja na kuwapeleka kwa mwingine. Pepo anaweza kuwa na ajenda yake. Aliyepagawa hana njia ya kuikagua, na watu wanakufa kwa neno ambalo yeye mwenyewe hana hakika nalo. Atakayemwita huyo shujaa lazima aeleze ushujaa uko wapi.

Naona uko katika uamuzi unaofuata baada ya kuzindukana. Kinjeketile wa Hussein, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kutangaza kwamba maji yalikuwa uongo, kwa kuwa vizazi vijavyo vitahitaji neno lile. Hapo hakuna Hongo tena. Raghava anafanya vivyo hivyo, na hili ndilo tukio ambalo wanaomdharau huliruka. Mpunga pepo amekwisha kumtoa Kanchana. Raghava yuko huru, ana mama yake, ana mchumba, anaweza kurudi kwenye uoga wake wa kawaida. Lakini amesikia habari yote ya kiwanja na mauaji, na kwa hiari yake anamruhusu Kanchana amrudie. Mara ya kwanza alivamiwa, mara ya pili alikaribisha, na tofauti hiyo ndiyo filamu yenyewe. Uoga wake nao unapata maana mpya. Mtu asiyethubutu kufungua mlango usiku ni mwananchi yeyote anayejua nani alihamisha bikoni za jirani na hasemi, kwa kuwa mwenye kosa ana cheo. Anapomkaribisha marehemu anakuwa shahidi.

Watasema watu hawaendi kwenye banda la video kutafuta mambo hayo, wanataka kucheka. Ni kweli wanacheka, na kwa saa nzima ya kwanza Kanchana inatafuta kicheko mahali pa aibu, kwa kumfanya mwanamume aliyevaa sari kuwa kioja. Siitetei sehemu hiyo. Ila angalia kinachofuata. Filamu inapotuonyesha Kanchana akiwa hai, inamtoa Raghava na kumleta Sarath Kumar, mwigizaji ambaye Watamil walimzoea kama mbabe wa filamu za kupigana, na kicheko kinakatika. Waliokuwa wakicheka wanajikuta wamemcheka mtu aliyefukuzwa na wazazi kwa jambo hilohilo. Isitoshe, hapa kwetu filamu ya kigeni haifiki tupu. Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alizisimulia Dar es Salaam, na DJ Afro amezisimulia Kenya kwa Kiswahili na Sheng tangu miaka ya 2000, akiwapa wahusika majina na tabia za mitaani. Hao ni wachambuzi kabla ya kuwa wachekeshaji, maana msimulizi huamua nani wa kuonewa huruma. Mbunge mnyakuzi akizungumza Kiswahili cha mkutano wa hadhara, mtazamaji wa Kitengela hahitaji kuelezwa Chennai iko wapi.

Wengine watanirejesha kwenye masimulizi ambamo kupagawa ni kupotea tu. Kikundi cha StarKid cha Marekani kilionyesha Los Angeles mwaka 2018 mchezo wa nyimbo, vitisho na vichekesho, The Guy Who Didn't Like Musicals, ambamo kitu kutoka angani kinawaingia watu wa mji mmoja na kuwafanya waimbe. Paul, asiyependa nyimbo, anapinga hadi mwisho, na mwisho anaimba. Kwake huo ni msiba, kwani kilichomwingia hakina jina la mtu, hakina kaburi wala dai, kinataka watu wote wawe kitu kimoja. Nakubali kabisa kwamba stering wa namna hiyo amekwisha. Bhool Bhulaiyaa ya 2007 inakwenda njia nyingine: mwanamke anayejiona kuwa Manjulika, mchezaji ngoma wa kale, anatibiwa na daktari wa akili, na kumbe hapakuwa na pepo. Shujaa wa hapo ni daktari, naye ni Akshay Kumar yuleyule ambaye miaka 13 baadaye alipagawa katika Laxmii. Hatua hiyo kutoka kwa tabibu hadi kwa mgonjwa ni kubwa. Daktari wa akili humtibu mgonjwa, naye Manjulika na mauaji yake ya zamani hubaki kuwa hadithi ya jumba bovu.

Pingamizi la kanisa ndilo lililo karibu zaidi na Kajiado, kaunti yenye makanisa kila kona na mikesha ya kukemea mapepo. Muumini atauliza kwa nini tumshangilie pepo. Filamu yenyewe imelifikiria. Mbunge anapokimbizwa anajificha hekaluni, akijua kwamba pepo haruhusiwi mbele ya Mungu. Kanchana anasimama mlangoni na kumlilia Mungu huyohuyo, akitaja aliyotendewa, na mlango unamkubali. Mwenye dhambi anayejificha madhabahuni na aliyedhulumiwa aliyezuiwa nje si picha ngeni kwa msomaji wa Agano la Kale, ambako damu ya Habili inalia kutoka ardhini. Kuhusu kisasi chenyewe, Kanchana anaua, na jambo hilo haliwezi kufanywa kanuni ya kaunti. Lakini jambo aliloliomba tangu akiwa hai lilikuwa hospitali juu ya ardhi aliyoilipia, na hadithi inafungwa na hospitali hiyo ikijengwa, Raghava akiisimamia, naye Kanchana akiwa bado ndani yake.