Baada ya Kurasini: Kazi za Kimataifa Zinapatikana Wapi?

Mwaka 1978 serikali za Tanzania na Msumbiji zilianzisha Kurasini, Dar es Salaam, chuo cha kuwanoa maofisa wao wa mambo ya nje. Msumbiji ilikuwa na miaka mitatu tu ya uhuru. Rhodesia ilikuwa bado vitani, Namibia ilikuwa mikononi mwa Makaburu, na nchi za mstari wa mbele zilihitaji watu wa kwenda New York na Addis Ababa kusema kwa niaba ya harakati nzima za ukombozi. Mwanafunzi wa chuo hicho, ambacho leo kina jina la Dkt. Salim Ahmed Salim, hakuwa na sababu kubwa ya kujiuliza angeajiriwa wapi. Alikuwa anaandaliwa kwa ajili ya wizara, na wizara ilikuwa ikimsubiri.

Hali hiyo imepita. Shahada ya uhusiano wa kimataifa sasa hutolewa na vyuo kadhaa, Dar es Salaam na Dodoma, Nairobi na Kampala, ilhali tangazo la nafasi za Afisa Mambo ya Nje Daraja la II likitoka kupitia Sekretarieti ya Ajira, nafasi huwa chache na waombaji ni msururu. Pamoja na hayo, fani bado inafundishwa kana kwamba kila aliyeketi darasani atapanda gari lenye bendera. Hoja ya makala hii ni kwamba kazi za kimataifa katika Afrika Mashariki zimo tele, ila zimehama. Zimekwenda mpakani, bandarini, maabarani, mahakamani na kwenye vibanda vya wakalimani, na huko anatafutwa mtu mwenye ujuzi mahususi ambaye pia anaielewa mikataba.

Wasifu wa watu waliofika mbali unaunga mkono hoja hiyo kuliko vipeperushi vya udahili vinavyokiri. Dkt. Salim mwenyewe aliteuliwa kuwa balozi nchini Misri mwaka 1964 akiwa na miaka 22, lakini hicho kilikuwa kipindi cha nchi changa yenye wasomi wa kuhesabika, hakitarudi. Waliomfuata walipitia njia nyingine. Asha-Rose Migiro, aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012, ni mwanasheria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anna Tibaijuka, aliyeongoza UN-Habitat jijini Nairobi kuanzia 2000 hadi 2010, ni mchumi wa kilimo. Joyce Msuya, aliyepanda kupitia Benki ya Dunia na UNEP hadi ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoratibu misaada ya kibinadamu, alisomea mikrobiolojia na kingamwili. Itasemwa kwamba uteuzi wa ngazi hizo una siasa ndani yake, na ni kweli. Itasemwa pia kwamba Liberata Mulamula alikulia wizarani na akawa Katibu Mtendaji wa kwanza wa Mkutano wa Kimataifa wa Kanda ya Maziwa Makuu, Bujumbura. Hilo nalo ni kweli, na wizara itaendelea kuhitaji watu wa aina yake. Lakini wizara haiwezi kuwameza wahitimu wote wa vyuo vyote.

Kazi yenyewe inaonekana vizuri zaidi kwenye mgogoro wa mahindi wa mwaka 2021. Mapema Machi, mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliiandikia forodha kuzuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakakwama mpakani. Siku chache baadaye zuio lilipolegezwa, lilikuja na masharti: waagizaji wasajiliwe, kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha nafaka imetoka wapi, na kipimo cha sumukuvu kisizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mwezi Mei Rais Samia Suluhu Hassan alipofika Nairobi, yeye na Rais Uhuru Kenyatta waliwaagiza mawaziri wao kuondoa vikwazo vya biashara kati ya nchi hizo mbili.

Magazeti yaliwapiga picha marais, na hilo ndilo jukumu la magazeti. Ila agizo la marais halipimi mahindi. Kati ya Machi na Mei, na miezi mingi baadaye, suala lile liliwahitaji mkemia wa maabara ya viwango, ofisa wa biashara anayejua Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki inaruhusu nini na inakataza nini, wakala wa forodha pale Namanga anayejua karatasi ipi imekosekana, na mtu wa kuwaketisha wote hao mezani pamoja na wenzao wa upande wa pili bila kikao kugeuka ugomvi wa mataifa. Huyo wa mwisho ndiye mhitimu wa uhusiano wa kimataifa. Akija na nadharia peke yake, ataishia kuandika muhtasari wa kikao. Akiwa anajua pia kusoma cheti cha maabara na jedwali la ushuru, kikao kitakuwa chake.

Kuna cheti kimoja ambacho wahitimu wengi wa shahada hukipita bila kukitazama, nacho ni kile cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha na usafirishaji wa mizigo, kinachofundishwa Tanzania na Chuo cha Kodi. Wenye majoho hukiona ni cha vijana wa bandarini. Dharau hiyo inawagharimu. Bandari ya Dar es Salaam inapitisha mizigo ya Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi, Malawi na Uganda. Wakala wa Ushoroba wa Kati una ofisi zake Dar es Salaam na mamlaka ya Ushoroba wa Kaskazini iko Mombasa. Kituo cha huduma kwa pamoja cha Namanga, kilichozinduliwa mwaka 2018, huwaweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja kila siku ya kazi. Ikiwa diplomasia ni sanaa ya kumaliza jambo na mtu ambaye huna mamlaka juu yake, basi inafanyika pale usiku na mchana, tena bila itifaki ya nani aketi wapi.

Kampuni nazo zimeingia kwenye uwanja huu. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, halikuwa mradi wa wahandisi peke yao. Lilihitaji mkataba baina ya serikali, fidia za ardhi katika nchi mbili, na majibu kwa Bunge la Ulaya lililopitisha azimio la kulikosoa mwaka 2022. Asasi za kiraia zililipeleka mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, na Novemba 2023 kitengo cha awali cha mahakama hiyo kikaitupa kesi kwa kuwa ilifunguliwa nje ya muda. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unatoa miezi miwili tu ya kufungua kesi. Pande zote za shauri hilo, waliolitetea bomba na waliolipinga, ziliwahitaji watu wanaofahamu sheria za kikanda. Mwanafunzi mwenye msimamo wowote kuhusu mafuta ana kazi hapo, mradi asome kalenda ya mahakama kwa makini kuliko walalamikaji.

Arusha inastahili neno zaidi, kwa kuwa ndiyo inayovuta ndoto za wengi. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako pale, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na Umoja wa Posta wa Afrika. Lakini ajira za Jumuiya hugawanywa kwa mgawo wa nchi wanachama, ambazo sasa ni nane, na nafasi za kitaalamu kwa kawaida ni za mkataba wa miaka mitano unaoweza kurudiwa mara moja. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda iliwashtaki watu 93, ikafunga milango tarehe 31 Desemba 2015, na waliozoea mishahara yake wakalazimika kutafuta pengine. Wazee wanakumbuka kubwa zaidi: Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na madai ya mafao ya wafanyakazi wake yaliendelea kusikika hadi karne hii. Taasisi za kimataifa huzaliwa na kufa kwa uamuzi wa kisiasa, na ujuzi wa kuhamishika ndiyo bima pekee ya mtumishi wake.

Umoja wa Mataifa hauna tofauti. Mpango wake wa vijana wataalamu hupokea wasiozidi miaka 32, na kwa raia wa nchi zenye uwakilishi mdogo tu, kwa hiyo orodha ya nchi hubadilika na mtu anaweza kusubiri mwaka ambao nchi yake haimo. Mafunzo kwa vitendo katika Sekretarieti hayalipwi, na hilo huwachuja watoto wa wasio na ndugu Nairobi au Geneva kabla hata mtihani haujaanza. Kisha ukaja mwaka 2025: Marekani ikasimamisha misaada ya nje mwezi Januari, USAID ikazimwa rasmi Julai, na Umoja wa Mataifa wenyewe ukaanza kupunguza wafanyakazi. Katika miji kama Kampala na Nairobi, watu wenye shahada nzuri na uzoefu wa miaka mingi walirudi sokoni kwa wakati mmoja na vijana waliohitimu juzi.

Kwenye lugha ndipo mwanafunzi wa pwani na bara anapoanza mbele ya wenzake, kisha anaizembea nafasi. SADC ilikipokea Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi mwaka 2022. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague ilihitaji wakalimani wa Kiswahili kwa mashahidi kutoka Ituri, Kongo. Ukalimani una uchumi wake, lakini hauendeshwi kwa lugha moja. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya mwaka 2022, Kifaransa kimekuwa lugha ya mamilioni ya raia wenzetu, na ofisi nyingi za Kinshasa na Bujumbura huandika kwa lugha hiyo. Mhitimu mwenye Kiswahili fasaha, Kiingereza na Kifaransa cha kazini hana washindani wengi. Wa lugha mbili za kwanza wamejaa.

Wapo wanazuoni watakaopinga kwamba hoja hii inageuza chuo kikuu kuwa karakana. Wana sababu: mtu asiyesoma historia ya Mkutano wa Bandung au mjadala wa Kwame Nkrumah na Julius Nyerere kuhusu kasi ya umoja wa Afrika ataendesha kikao cha mahindi bila kujua kwa nini mpaka ule upo. Nadharia ibaki. Kinachoweza kuondoka ni marudio yake, maana mwanafunzi anayekutana na mwananadharia Morgenthau katika mwaka wa kwanza na kumkuta tena, kwa maneno yaleyale, katika mwaka wa tatu ameibiwa muhula.

Muhula huo una matumizi bora. Idara zinazopitia mitaala yao zianze na mambo mawili yasiyohitaji mfadhili: Kifaransa kiwe sharti la kuhitimu, na tasnifu ya mwaka wa mwisho ifanywe katika kituo cha mpakani, bandarini au mahakamani, chini ya msimamizi mmoja wa chuo na mmoja wa kazini. Mwanafunzi asiyeweza kusubiri idara yake aanze mwenyewe, na cheti cha forodha ni mahali pazuri pa kuanzia.