Basi la Kuitwa: Historia ya Usafiri Penye Abiria Wachache

Historia ya usafiri wa umma huandikwa zaidi kwa macho ya miji mikubwa, ambamo shida ni wingi wa watu. Shida iliyo kinyume, yaani uchache wao, haikupata waandishi wengi. Basi la kawaida husimama juu ya nguzo mbili: njia isiyobadilika na saa isiyobadilika. Penye abiria wachache nguzo hizo hugeuka mzigo. Gari kubwa huzunguka karibu tupu, nauli haitoshi mafuta wala mshahara wa dereva, kisha safari hupunguzwa. Na kila zinapopunguzwa, baadhi ya abiria waliobaki hutafuta njia nyingine. Wanaosalia mwishoni ni wale wasio na njia nyingine: wazee, wanafunzi, wagonjwa, na mama ambaye gari pekee la nyumbani limeondoka na mumewe asubuhi.

Msomaji wa Afrika amezoea gari lisilo na ratiba. Matatu ya Kenya, ambayo jina lake kwa kauli ya wengi latokana na mapeni matatu ya nauli ya zamani, mara nyingi hungoja yajae ndipo yaondoke. Huo nao ni unyumbufu, ila ni unyumbufu wa saa, na huwezekana kwa sababu watu ni wengi. Mahali panapotoa abiria watatu kwa siku, kungoja gari lijae ni kungoja bila mwisho. Huko ilibidi kitafutwe kitu kingine cha kupindisha.

Jibu la kwanza lilitoka Posta. Nchini Uswisi magari ya farasi ya Posta yalikuwa yakibeba barua na watu pamoja tangu karne ya 19, na tarehe 1 Juni 1906 gari la kwanza la injini lilianza safari kati ya Bern na Detligen. Hekima yake ilikuwa sahili: barua lazima zifike bondeni hata kama hakuna abiria hata mmoja, kwa hiyo sehemu ya gharama ya safari imekwisha kulipwa kabla mtu hajapanda. Uingereza ilichelewa kulijifunza jambo hilo. Mwaka 1963 ripoti ya Richard Beeching ilipendekeza kufungwa kwa stesheni 2,363 za reli, nyingi zikiwa za mashambani, na mabasi yaliyotarajiwa kushika nafasi ya reli hayakukawia kukosa abiria nayo. Ndipo mwaka 1967, huko Wales, kati ya Llanidloes na Llangurig, mpeleka barua akapewa gari dogo lenye viti vya abiria. Mpango huo ulienea hasa Uskoti. Safari zilikuwa za polepole, kwani gari lilisimama kila penye barua; lakini zilikuwepo.

Jibu la pili lilitoka Amerika ya Kaskazini, nalo lilitegemea simu. Mwezi Julai 1970, huko Bay Ridges katika jimbo la Ontario, Kanada, mabasi madogo yalianza kuwachukua watu milangoni mwao na kuwafikisha kwenye stesheni ya gari moshi. Mji wa Regina ulifuata mwaka 1971. Kwa kuwa abiria wengi wa Bay Ridges walielekea mahali pamoja, na saa ya gari moshi ilijulikana, dereva aliweza kuwakusanya kwa mzunguko mmoja. Wataalamu wa Marekani walitaka zaidi: mtu yeyote aitwe kutoka popote kwenda popote. Huko Haddonfield, New Jersey, kati ya 1972 na 1975, serikali ya shirikisho iligharimia jaribio ambamo kompyuta ilikabidhiwa kazi ya kupanga nani achukuliwe na gari gani.

Tamaa kubwa kuliko zote ilionekana katika wilaya ya Santa Clara, California, yenye wakazi zaidi ya milioni moja waliotawanyika katika vitongoji vyenye nyumba zilizoachana. Mwezi Novemba 1974 wilaya ilianzisha mabasi ya kuitwa kwa eneo zima. Simu zikafurika hata wengi wakashindwa kupata mtu wa kuwajibu. Kampuni za teksi nazo zilikwenda mahakamani, zikidai kwamba wilaya imeingia katika biashara yao na kwa hiyo lazima izinunue, mahakama ikazikubalia. Mwezi Mei 1975, baada ya miezi sita hivi, huduma ilifungwa.

Ni rahisi kuilaumu simu, au kompyuta changa za siku zile. Lawama hiyo haitoshi. Katika basi la kawaida abiria wa kumi haongezi gharama yoyote ya maana, anaketi tu. Katika basi la kuitwa kila abiria mpya huwazungusha waliomtangulia. Iwapo kila mlango unahitaji dakika 4 za kuchepuka, abiria 10 ni dakika 40, na yule wa kwanza kupanda amezunguka na wote. Ndiyo maana gari moja la namna hii mara chache limevuka abiria 10 kwa saa. Wingi wa wateja, ambao kwa mfanyabiashara mwingine yeyote ni neema, hapa ndio unaoleta mkwamo.

Waholanzi walichukua njia ya unyenyekevu zaidi. Kuanzia 1977 mabasi yao ya ujirani, yenye viti 8 vya abiria, huendeshwa na wanavijiji wanaojitolea. Njia na saa zimebaki palepale. Kilichopindishwa ni mshahara. Uswisi, kwa upande wake, ilirudi kwenye simu mwaka 1995, lakini kwa kuifunga huduma ndani ya eneo dogo la mashambani.

Helsinki ilijaribu tena kuanzia 2012, safari hii kwa simu za mkononi na kompyuta zenye nguvu. Mabasi ya Kutsuplus yalipendwa, na hesabu zake zilikuwa sahihi. Lakini kila safari ilihitaji ruzuku kubwa, na fedha za kuongeza magari hazikutolewa. Yalisimama mwisho wa 2015.

Gari la Posta la Uingereza liliishi kuliko majaribio hayo yote mawili, la Santa Clara na la Helsinki. Lakini tangu miaka ya 2000 barua zilikuwa zikipungua, na njia zikafungwa moja baada ya nyingine. Za mwisho, kaskazini mwa Uskoti, zilikoma mwaka 2017.