Tumbaku ya Usambara: Kutoka Vuga hadi Lewa

Tumbaku ya Usambara ilikuwa na jina pwani kabla Mjerumani hajapanda mche wake wa kwanza. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepanda milima hiyo Februari 1857 kwenda kumwona mfalme wa Washambaa, Simba Mwene Kimweri ye Nyumbai, huko Vuga, aliikuta ikihesabiwa miongoni mwa bidhaa za nchi. Majani yalitwangwa vinuni, yakafinyangwa kuwa vidonge bapa vya mviringo na kufungwa kwa majani ya migomba. Mizigo iliteremshwa Pangani, na mingine ikavuka kwa jahazi hadi Unguja. Biashara hii ilimfaa Mshambaa, kwa kuwa jani lililotobolewa na mdudu au kuchanwa na mvua, likishatwangwa, halitofautiki na zima.

Ulaya jani lilipimwa kwa jicho jingine. Wenye fedha wa karne ya 19 walivuta biri, ile sigara nene ya majani matupu, na za Havana ndizo zilizoongoza kwa sifa na bei. Biri ina sehemu tatu: majani ya kujaza ndani, jani la kufungia, na jani la juu la kuivalisha. Hili la juu halina uzito wa maana, lakini ndilo analoliona mnunuzi kwanza, kwa hiyo hulipiwa kuliko mengine. Sharti liwe jembamba, laini, la rangi moja, lisilo na tundu hata moja. Tangu miaka ya 1860 Waholanzi walililima Deli, pwani ya mashariki ya Sumatra, na kampuni ya Deli Maatschappij, iliyoanzishwa 1869, iliwapa wanahisa wake gawio nono. Habari za gawio hilo zilifika Berlin.

Mwaka 1886 iliundwa huko kampuni ya Deutsch-Ostafrikanische Plantagengesellschaft. Mwaka uliofuata ilifyeka shamba Lewa, katika nchi ya Wabondei chini ya milima, ili kulima jani la biri kwa mfano wa Sumatra. Shamba halikupata hata miaka miwili ya utulivu. Septemba 1888 watu wa Pangani walisimama dhidi ya Wajerumani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, na Lewa ikahamwa na kuharibiwa. Kamanda Mjerumani Hermann von Wissmann aliurudisha mji wa Pangani mikononi mwa Wajerumani Julai 1889. Desemba Abushiri akanyongwa Pangani.

Shamba lilifufuliwa, lakini mikono haikutosha. Tumbaku ya biri haina siku ya mapumziko: viwavi huokotwa, machipukizi hukatwa, majani huchumwa kwa zamu kadiri yanavyoiva, huanikwa ghalani, kisha huvundikwa marundo kwa marundo. Wabondei na Washambaa walikuwa na mashamba yao wenyewe, na hapakuwa na sababu ya kuyatelekeza msimu mzima kwa ajili ya zao la mtu mwingine. Wazungu waliuita msimamo huo uvivu. Ulikuwa uamuzi wa mkulima anayejua hesabu yake. Mwaka 1892 mamia ya Wachina na Wajava waliletwa kutoka Singapore kwa ajili ya Lewa na mashamba ya kahawa ya Usambara Mashariki. Nauli na ujira wao vilizidisha gharama, na njia ya kufika bandarini ilikuwa ngumu: reli iliyoanzia Tanga 1893 ilifika Muheza 1896. Gharama hizo zingeweza kubebwa na jani la bei ya Sumatra tu, na jani la Lewa halikufikia ubora huo. Tumbaku ikaachwa.

Kahawa, iliyoanza Derema huko Usambara Mashariki 1891, nayo iliangushwa na udongo wa msituni unaochoka upesi na bei iliyoporomoshwa na wingi wa kahawa ya Brazil. Kilichodumu ni mkonge. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. 62 tu ilifika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Singa za mkonge hazidhuriki kwa jani lenye kovu, na mmea wenyewe huvumilia ukame wa nyika.

Tumbaku ya biashara ya Tanzania ilikuja kukua mbali na Usambara: ya mvuke Tabora na Urambo, ya moshi Songea. Ya mvuke ni ya sigara za kawaida, si ya biri. Lewa iligeuka shamba la mkonge.