Sanduku la Kufuli Mbili: Tunavyotafuta Majina ya Babu Zetu

Ndugu zetu, mnakumbuka mwaka 2023, serikali ya Malawi ilipoagiza wakimbizi wanaoishi mijini warudi Dzaleka. Familia nyingi zilifunga biashara zao haraka haraka, pale Kawale na sehemu nyingine za Lilongwe. Kitanda kiliuzwa, friji ikauzwa, hata mizani ya dukani ikaenda. Familia moja ambayo mtoto wao yuko katika kikundi chetu ilirudi na mabegi matatu na sanduku moja la bati. Sisi ndo tulilibeba kutoka kwenye minibasi, tukidhani ni masufuria. Mama alipolifungua, kumbe ni karatasi tu. Karatasi za ubatizo zilizokunjwa mara nne, kadi ya posho ya zamani, picha mbili za harusi, ripoti za shule, na daftari moja lenye majina ya watu.

Tulicheka kidogo. Mtu anaacha friji anabeba karatasi? Halafu mwenzetu mmoja akauliza, "Mama, hawa wa kwenye daftari ni nani?" Mama akasoma polepole. Majina yalikuwa kama thelathini, yeye aliwajua wanne. Daftari aliliandika marehemu mume wake. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kuanzia siku ile swali halikutuacha. Mtu wa kawaida, ambaye babu yake hakuwa mwami wala chifu, anawezaje kujua ametoka kwa nani? Tukaanza kusoma jinsi wengine walivyofanya. Tulianzia mbali, Uingereza, kwa sababu kule hata wakulima wa kawaida wanaweza kufuata ukoo wao miaka mia nne na zaidi nyuma. Tulitaka kujua siri yao.

Siri ni mbili tu: kitabu cha parokia na wosia.

Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iwe na kitabu cha kuandika ubatizo, ndoa na mazishi. Kitabu kikae ndani ya sanduku lenye kufuli mbili, padri awe na ufunguo wake na wazee wa kanisa wawe na wao. Na watu walipokeaje habari hiyo? Walishtuka. Uvumi ulienea kwamba wanaandikwa ili watozwe kodi. Tuliposoma hapo tulitazamana. Yaani hata wao! Nani kati yetu hajasikia uvumi wa namna hiyo kwenye foleni ya kuhesabiwa?

Wosia ndo unaonyesha maisha. Tuchukue mkulima mmoja, Robert Arden, wa kijiji cha Wilmcote. Mwezi wa Novemba 1556 alikuwa mgonjwa, akaandikisha wosia. Mary, binti yake mdogo kuliko wote, alimpa shamba lililoitwa Asbies pamoja na mazao yaliyokuwa yamepandwa, na fedha juu yake. Mary na dada yake Alice ndo aliowaweka wasimamizi wa kutekeleza wosia. Baada ya kufa kwake, majirani wakapita nyumbani kuhesabu mali: ng'ombe, kuku, mizinga ya nyuki, hata vitambaa vya kuchorwa vilivyotundikwa ukutani. Mzee huyo hakuwa mtu mkubwa. Lakini leo tunajua binti yake alirithi nini na ukuta wake ulipambwa na nini.

Huyo Mary akaolewa na John Shakespeare. Baba yake John alikuwa mkulima wa kijiji cha Snitterfield, tena akilima ardhi ya huyo huyo Robert Arden. Katika hati, John mwenyewe mara huitwa mtengeneza glavu, mara huitwa mkulima mwenye shamba lake. Na kwenye hati moja ya mwaka 1579 Mary alitia alama tu badala ya sahihi, kama bibi zetu wanavyotia dole gumba. Mtoto wao William alibatizwa tarehe 26 Aprili 1564 huko Stratford-upon-Avon. Ndiyo, ni yule William Shakespeare unayemjua. Siku aliyozaliwa haikuandikwa popote, kitabu cha parokia kinataja ubatizo tu. Na sahihi zake sita zilizobaki, jina halikuandikwa kwa namna moja.

Tafadhali mkumbuke jambo hilo la jina, tutalirudia.

Ila vitabu hivyo havikuandika kila mtu sawasawa. Asiye na mali hakuwa na wosia. Na kwenye kurasa za mazishi unakuta mara nyingine maneno machache tu: mgeni maskini, amezikwa. Jina hakuna. Mtu aliyepita njia akafia kwenye kijiji cha watu, historia ikamwita mgeni. Hapo tulinyamaza kidogo.

Sasa tuje kwetu. Je, sisi hatuna vitabu? Tunavyo, kuliko tulivyodhani. Mapadri Weupe walifika upande wa Ziwa Tanganyika kuanzia mwaka 1879. Walikaa Mpala, kisha Baudouinville, ambako mwaka 1917 Stefano Kaoze alipewa upadri, Mkongo wa kwanza wa nyakati hizo. Burundi walianza Muyaga mwaka 1898, Rwanda wakaanza Save mwaka 1900. Popote walipojenga misioni waliandika wabatizwa: jina, wazazi, msimamizi wa ubatizo. Na kwa sheria ya kanisa iliyoanza kufanya kazi mwaka 1908, ndoa ya mtu inaandikwa pia pembeni ya jina lake katika kitabu cha parokia alikobatizwa. Kwa hiyo mstari mmoja unaweza kukupa mtoto, wazazi wake, na baadaye mke au mume. Mkatoliki akienda kufunga ndoa akaambiwa alete karatasi mpya ya ubatizo kutoka parokia yake ya zamani, asione ni usumbufu tu. Ule ni mlango wa kwenye kitabu.

Kwa familia za Kiislamu kuna njia ya mirathi. Mwislamu anaweza kuusia mpaka theluthi moja ya mali yake, na inayobaki inagawanywa kwa warithi kwa mafungu yanayojulikana. Ili kugawa, lazima kwanza watajwe: mjane nani, watoto wangapi, wazazi wako hai au hapana. Kikao cha mirathi ni historia ya ukoo inayosemwa kwa sauti, mashahidi wakiwepo.

Ugumu wetu ni kwamba nyuzi zimekatika sehemu nyingi. Albertville ikawa Kalemie, Costermansville ikawa Bukavu, Usumbura ikawa Bujumbura. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya Kikristo, kwa hiyo mzee aliyebatizwa Petro akatoka kwenye karatasi za serikali kama mtu mwingine. Ukimtafuta Petro kwenye kitambulisho cha Zaire humpati, na ukitafuta lile jina la kitambulisho kwenye kitabu cha misioni nalo humpati. Mtu ni mmoja, karatasi ni watu wawili.

Halafu kuna jambo la majina ya ukoo. Ndugu mnaofanya kazi katika mashirika, hapa tunaomba mtusikilize. Uingereza mtoto anabeba jina la baba, na la babu. Kwa wengi wetu kutoka Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo haikuwa hivyo. Ndugu watano, baba mmoja mama mmoja, majina matano tofauti. Bibi mmoja hapa kambini tulimuuliza mbona haitwi kama baba yake. Akatujibu: "Batoto wangu, jina haiko ya baba. Jina iko ya ile siku nilizaliwa." Lakini kwenye mahojiano ndugu wawili wenye majina tofauti wanaweza kuonekana waongo, na mahojiano hayo ndo yanaweza kuamua kama watasafiri pamoja au wataachana.

Anayejua kusoma majina anaona ukoo mahali ambapo mwingine anaona fujo. Kwa Warundi, Bukuru ni pacha wa kwanza, Butoyi ni wa pili, na Ciza ni yule aliyewafuata. Ukikuta Bukuru, Butoyi na Ciza kwenye orodha moja, majina yenyewe yanakuelezea walivyofuatana kuzaliwa. Shakespeare aliandika jina lake kwa namna mbalimbali na hakuna anayesema alikuwa watu sita. Tunaomba uvumilivu huo huo kwa mama aliyeandikwa kwa herufi "R" Uvira na "L" Dzaleka.

Tarehe nazo ni hivyo hivyo. Wengi wetu tumeandikwa 1 Januari, utadhani kambi nzima tunakata keki siku moja. Lakini muulize mzee vizuri: ulikuwa umeshazaliwa wakati wa Mulele, mwaka 1964? Ulikuwa unatembea mwaka 1972, wakati wa mauaji ya Burundi? Nyiragongo ulipolipuka mwaka 1977 ulikuwa na mtoto wa ngapi? Kalenda wanayo kichwani, ila haina namba.

Hatutaki kudanganyana kwamba kuandikwa ni kuzuri siku zote. Miaka ya 1930 Wabelgiji waliwahesabu watu wa Rwanda, wakaweka kwenye vitambulisho Hutu, Tutsi au Twa. Mwaka 1994 kadi hizo zilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani, na watu waliuawa kwa neno moja lililoandikwa. Dzaleka ilifunguliwa kuwa kambi mwaka huo huo wa 1994, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Banda. Kwa hiyo mzee akikataa kutajiwa jina lake kwenye daftari, msimwone mjinga. Anajua karatasi inaweza kufanya nini. Mwacheni, au andikeni anachoruhusu tu.

Ndo maana tunaona jambo kubwa ni hili: nani anaandika, na kwa ajili gani. Mfalme wa Uingereza aliandika kwa sababu zake, Mbelgiji kwa zake, mashirika kwa zao. Lakini Robert Arden alipotaja binti zake alikuwa anaongea mwenyewe, juu ya watu aliowapenda. Daftari la yule baba wa Kawale ni la aina hiyo. Hakuna ofisi iliyomwambia aandike.

Tumeanza hivi. Kila mmoja wetu amechagua mzee mmoja wa familia. Tunauliza jina lake, nani alimpa na kwa nini. Wazazi wake na wazazi wao. Alizaliwa wapi, kwa jina la mahali la zamani na la sasa. Alibatizwa au alisilimu wapi. Nani alizikwa wapi. Tunaandika pia alivyokuwa navyo, hata kama ni mbuzi wawili na cherehani, kwa sababu vitu vinaita kumbukumbu. Mzee asipokuwa na uhakika tunaandika "anadhani". Huko Wilmcote watu walionyeshwa nyumba isiyo yenyewe kama nyumba ya Mary Arden kwa karibu miaka mia mbili, mpaka mwaka 2000 hati zikaonyesha ilikuwa ile ya jirani. Kwa hiyo tukiambiwa tumekosea, tunakubali na kusahihisha.

Nakala zinakuwa mbili, kama zile kufuli. Moja inabaki na mzee, nyingine kwa mtoto aliyeandika. Hatuweki majina ya watu kwenye simu ya kikundi.

Na lile daftari? Wiki iliyopita Mama alimpata mzee mmoja hapa Dzaleka aliyetoka kijiji kimoja na marehemu mume wake. Walikaa chini ya mti mchana mzima. Kati ya majina thelathini sasa wanajulikana kumi na tisa. Mzee huyo anakohoa sana siku hizi, kwa hiyo Jumamosi tunarudi. Yamebaki kumi na moja.