KIBODI YA STOO (Sehemu ya 3, ya mwisho)

Nimetoka zamu ya asubuhi, nimekaa barazani hapa Kilwa Masoko, nimalizie kisa chetu.

Kwa mliochelewa: stoo ya ofisi moja ilikuwa inasafishwa, vitu vinakwenda kwa wanunuzi wa skrepa. Nikaomba kibodi moja nzito kama tofali. Mgongoni ina kibandiko cha IBM, mwaka 1989. Aina hii inaitwa Model M, ilianza mwaka 1985. Chini ya kila kitufe kuna springi. Ukibonyeza inapinda ghafla, ndiyo ule mlio wa "tak, tak".

Ilifikaje huku? Kumbuka mwaka 1974 serikali yetu ilizuia uingizaji wa kompyuta bila kibali. Zilikuja kuenea maofisini miaka ya 1990, na nyingine zilikuwa zimeshatumika kwa wenzetu. Hii nayo bila shaka ilikuja ikiwa mtumba.

Sasa usafi. Kwanza nilipiga picha, maana ukishang'oa vitufe 101 kumbukumbu inakukimbia. Nikaviloweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni, nikavisugua kwa mswaki, nikavianika kivulini siku nzima. Mwili wa kibodi haulowekwi jamani! Ndani kuna tabaka za plastiki zinazopitisha umeme, maji yakiingia umeiua. Huo niliupitisha brashi kavu, kisha kitambaa chenye spiriti kidogo. Vumbi lililotoka humo, mchanga, mabawa ya mende, we acha tu.

Kijana mmoja akaniambia, "Dada, ipige msasa na rangi, iwe mpya." Nikakaribia kukubali. Bahati nzuri nilivitazama vitufe kwanza.

Kwenye Model M herufi hazifutiki kirahisi, rangi yake imezama ndani ya plastiki. Kinacholika ni uso wa kitufe: kikipya kina ukavu kama mchanga laini, kikitumika sana kinang'aa. Kibodi iliyoandika Kiingereza maisha yake yote, E ndiyo ingeng'aa kuliko zote. Hii inang'aa A! Inafuata I, kisha N na U. Q na X ni kavu kama zimetoka kiwandani jana. Kwani Kiswahili chetu kina kazi gani na Q na X?

Hapo nikaelewa. Kibodi ilikuja mtumba, lakini aliyeilainisha ni mtu wetu, kwa barua za Kiswahili, miaka na miaka.

Na Kilwa si wageni wa barua. Barua za Kiswahili za zamani zaidi zinazojulikana ziliandikwa upande huu wa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, na leo zimehifadhiwa Goa, India. Zile zimebaki kwa sababu kuna mtu hakuzitupa. Barua za kibodi hii sijui ziko wapi. Kilichobaki ni huo mng'ao wa A, na mimi nilitaka kuupiga msasa!

Kazini tunasafisha kidonda kwa kuondoa uchafu, si kwa kuondoa nyama nzima. Basi uchafu nimeutoa, mng'ao nimeuacha.

Jana nikaipeleka kwa mama mmoja, karani mstaafu wa ofisi ile ile. Macho yake sasa hayaoni vizuri. Nikamwekea mapajani, haijachomekwa popote. Akapapasa kidogo, vidole vikajipanga vyenyewe, akaanza kuchapa: tak, tak, tak. Nikamuuliza, "Shikamoo mama, unaandika nini?"

"Marahaba mwanangu. Naandika tarehe. Barua huanza na tarehe."

Kama ofisini kwenu kuna stoo inayosafishwa wiki hii, pita kwanza uangalie kabla gari la skrepa halijafika. Na kama mama au baba yako alikuwa karani, muulize leo aliandika nini. Niandikieni hapo chini, nitasoma zote nikitoka zamu ya usiku.