Kuonja pombe kwa kificho: uraka na bia, Masasi na Newala

Kuonja kwa kificho ni kumpa mtu kinywaji bila kumjulisha jina lake, bei yake wala aliyekitengeneza, ili ahukumu kwa pua na ulimi tu. Mifano inayotolewa kwa kawaida ni ya mvinyo na bia za chupa. Lakini Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, na Masasi, iliyo chini upande wa magharibi katikati ya vilima vya mawe, kuna kinywaji kinachoihitaji njia hii kuliko hivyo vyote: uraka, pombe ya maji ya mabibo, yaani matunda ya mkorosho. Hata hivyo njia yenyewe ina mpaka. Ikilinganisha uraka na uraka hufundisha mengi. Ikitaka kumtafuta mshindi kati ya uraka, pombe ya mtama na bia ya kiwandani, hupima mazoea ya mnywaji na kuyaita ubora.

Nguvu ya jina juu ya ulimi ina ushahidi wa siku nyingi. Mwaka 1964 watafiti wa Marekani, Ralph Allison na Kenneth Uhl, walichapisha matokeo ya jaribio ambamo wanywaji wa bia walipewa chupa zisizo na lebo. Kwa ujumla walishindwa kuitambua hata bia waliyokuwa wakiinunua siku zote. Lebo ziliporudishwa, wakaanza kuipandishia alama ile waliyoizoea. Anayeapa baa kwamba bia za Safari na Kilimanjaro ni mbingu na ardhi huenda anasema kweli, ila ushahidi wake hautoshi mpaka chupa zifichwe. Viwanda vyenyewe haviuamini ulimi unaosaidiwa na macho. Jaribio la vikombe vitatu, lililoendelezwa katika kiwanda cha Carlsberg nchini Denmark miaka ya 1940, humpa mwonjaji vikombe viwili vya bia moja na kimoja cha nyingine, naye akitafute kilicho tofauti. Kwa kubahatisha tu atapatia mara moja katika tatu. Kwa hiyo wakionja watu 12, wanne kupatia si habari. Wakifika wanane ndipo tunaposadiki, kwa kuwa bahati peke yake ingewafikisha huko chini ya mara 2 katika 100.

Jaribio hilo lina sharti: vinywaji viwe vimekaribiana kiasi kwamba kuficha jina ni kuficha kweli. Bia ya kiwandani imechujwa, ina gesi, na mhudumu huuliza kwanza kama unataka ya baridi au ya moto. Pombe ya mtama ni nzito, ina chembechembe za nafaka, ina uchachu unaoletwa na bakteria wanaofanya kazi pamoja na hamira, na hunywewa kabla haijamaliza kuchacha. Mfunge mtu macho, mpe vikombe vyeusi, poza vyote sawasawa: funda la kwanza litamwambia yote uliyotaka kumficha. Watu huchagua kati ya vinywaji hivi kila jioni, atasema mtu, sasa kwa nini wasiulizwe wanachokipenda? Waulizwe, bila shaka. Lakini aliyelelewa na bia atauona uchachu wa mtama kuwa kasoro, ilhali kwa mwenzake pombe isiyo na uchachu haijaiva. Wastani wa alama zao unaeleza ni wangapi wa kila upande walioalikwa, basi. Ulinganisho wenye faida ni wa ndani ya aina moja, au wa jozi zilizokaribiana, kama bia ya shayiri na ile ya mtama inayotengenezwa kwa mtindo uleule. Eagle Lager, iliyoanza Uganda mwaka 2002 kwa mtama wa Epuripur, ni mfano unaofaa.

Uraka ndipo mahali pa kupima hivyo. Msimu wa korosho, kuanzia Septemba hivi hadi Januari, mkulima huitenga korosho na bibo. Korosho inakwenda chama cha msingi cha ushirika na ghalani, mabibo yanabaki yamelundikana chini ya mikorosho. Yakikamuliwa na kuchujwa, hamira iliyokuwa kwenye ngozi ya tunda huanza kazi bila kuitwa. Mwanzoni maji ni matamu, yanawashawasha ulimi. Baadaye utamu unashuka na kilevi kinapanda. Yakiachwa zaidi yanaelekea siki. Juu ya hayo kuna ukakasi, kazi ya tanini inayoshikana na protini za mate mpaka mdomo uhisi umekauka. Hapo ndipo penye mtego. Ukakasi hujilimbikiza: kikombe cha nne huonekana kikali kuliko cha kwanza hata vikiwa vimetoka ndoo moja. Anayepanga uraka wa nyumba nne kwa mstari mmoja, kisha akawapitisha waonjaji wote kuanzia upande uleule, amekwisha kumhukumu wa mwisho. Kila mwonjaji apewe mpangilio wake, asubiri dakika kadhaa kati ya vikombe, asukutue kwa maji na atafune kipande cha muhogo wa kuchemsha usio na chumvi. Vikombe visiwe vya kuonyesha rangi, maana mabibo ni mekundu au ya njano na macho huwahi kuamua.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba uraka haitulii. Iliyoonjwa asubuhi si ile ya jioni, kwa hiyo jaribio halirudiwi. Ni kweli, lakini dawa yake ni kulinganisha uraka zilizokamuliwa kwa wakati mmoja na kuonjwa kwa wakati mmoja, au kuufanya muda wenyewe ndio swali: ndoo moja, sampuli za saa mbalimbali, mwonjaji asijue ipi ni ya lini. Wengine watasema uraka hunywewa kwa mazungumzo na kwa kumjua mpikaji, na kificho kinaviondoa vyote viwili. Kinaviondoa kwa makusudi. Mpikaji mwenye jina atauza hata siku maji yake yalipoharibika. Mgeni katika kazi, mwenye uraka safi, hana njia nyingine ya kusikilizwa. Nipa, inayotokana na kuchemsha uraka na kukusanya mvuke wake, haifai kuwekwa kwenye meza hiyo. Ukali wake hutia ulimi ganzi kwa vikombe vyote vinavyofuata, na kinywaji kilichokenekwa bila kupimwa hakionjwi na mtu asiyeambiwa ni nini.